Felicitas Wawira na Mstari Ambao Seli Zilichelewa Kuuvuka

Ndugu waombolezaji, marehemu Felicitas Wawira alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Kianjokoma, Embu, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Njiru na Mama Marcella, akasoma shule ya msingi papo hapo kuanzia 1975 hadi 1981, akamaliza sekondari mwaka 1987, akapata shahada ya biokemia mwaka 1992, na tangu mwaka uliofuata akafanya kazi ya maabara kwa miaka thelathini na mmoja.

Tarehe 9 Desemba 1995 alifunga ndoa na Mwalimu Gikunda wa Laare, wakahamia Meru mjini, Mungu akawajalia Kagwiria na Kithaka.

Mwaka 2016 alianza kuchunguza kiini kinachoipa manjano, bizari hii ya jikoni, rangi yake, ambapo alikuza seli za saratani ya ini kwenye visahani, akazikwaruza mstari katikati, akapima baada ya saa ishirini na nne zimesambaa kiasi gani kuuvuka, na zile zilizotiwa kiini hicho zikaonekana kupungukiwa mwendo kwa asilimia 61. Wenzake wakifurahia, yeye alikumbuka kwamba alipima akijua kisahani kipi kimetiwa nini, akamwomba Gikunda afunike lebo zote kwa karatasi za namba, akarudia visahani 144, jibu likawa asilimia 38, na hilo ndilo alilochapisha.

Habari zilipofika soko la Gakoromone, mama mmoja muuzaji, Mukiri, aliandika kwenye magunia yake kwamba manjano ya Daktari Wawira huponya ini. Felicitas alikwenda mwenyewe kuomba maandishi yafutwe.

"Daktari, unaniharibia soko," Mukiri alilalamika.

"Uza ya kupikia, mama, hata mimi nitanunua. Zangu zilikuwa seli kwenye kisahani, hakukuwa na mtu," akamjibu, akabeba kilo mbili.

Tarehe 3 Juni 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini iliyokwisha kusambaa, baada ya miezi mitano ya kuvumilia maumivu akidhani ni vidonda vya tumbo. Wageni walimletea chai ya manjano, naye alikunywa, hakumrudisha mtu na kikombe chake, ila alimwagiza kaka yake mkubwa, Njagi, anayewasomea haya, aandike kila kikombe na kuwaonyesha madaktari. Vilifika 47. Alituaga tarehe 6 Februari 2025, akiwa na miaka 56, miezi 10 na siku 23, na aliagiza hesabu ya vikombe hivyo isomwe hapa, asije mtu akasema angepona laiti angekunywa, na kila mwenye maumivu kama yake aende hospitali mwezi wa kwanza tangu yaanze, asingoje wa tano. Asilimia 38 ingali imesimama, na wenzake wanaendelea nayo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wenzake wa maabara, na wote walioleta vikombe, hasa Mama Mukiri, aliyeleta tisa.

Lala kwa amani, Wawira, tumesoma kama ulivyopima.