Mama Kurasa na Mstari Aliousahau

Ndugu waombolezaji, mfamasia wa zamu ya asubuhi ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwambia marehemu mama yetu jambo lililoyagawa maisha yake sehemu mbili, na kwa kuwa mwenyewe hakulificha, nasi hatutalificha leo.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Mei 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa tatu wa mpiga chapa na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha sekondari hadi 1975, akaajiriwa kuwa karani wa masjala hospitalini, na mwaka 1984 akaenda kusomea kompyuta, wakati wengi wetu tulidhani kompyuta ni aina ya televisheni.

Alifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1981 na baba yetu, fundi wa kufuli, wakajaliwa watoto watatu, wa mwisho akiwa binti aliyezaliwa tarehe 19 Agosti 1994. Mwaka huo huo, akiwa kwenye kampuni ya programu, aliandika programu ya kukokotoa dozi za watoto, ikatumika katika hospitali tano, na kampuni haikumruhusu mtu wa nje kuona ilivyoandikwa. Marehemu aliona ni sawa, akisema wote wakiisoma, mwizi naye ataisoma, na baba alizoea kumtania mezani, "Mke wangu, kufuli zangu kila fundi anajua zilivyo ndani, na bado bila ufunguo utasimama mlangoni mpaka uote mizizi," naye akimjibu, "Wewe funga milango, dawa niachie mimi."

Tarehe 6 Machi 2003 mfamasia yule wa zamu ya asubuhi, wa mojawapo ya hospitali zile tano, alimpigia simu, akasema, "Shikamoo mama, sijui nikuambieje, nimesahau neno la siri, nikabonyeza bila kuandika kitu, programu yako ikafunguka, na dozi zote naweza kuzibadilisha." Marehemu aliipekua programu akakuta mstari wake mwenyewe wa kuifungua bila neno la siri, aliouweka wiki ya mwisho ya ujauzito ili asichoke kuandika neno la siri kila anapofanya majaribio, akakusudia kuufuta kesho yake, uchungu ukamshika, akausahau kwa miaka minane na nusu, asijue ni wangapi wameshapita hapo. Meneja wake alimwambia, "Kwa huyo mfamasia rekebisha leo, zile hospitali nne nyingine zitapata toleo jipya mwakani, nani atajua?" akamkumbusha kwamba atakayetoa programu nje ya kampuni hana kazi.

Kazi hiyo aliipoteza. Kuanzia Septemba 2003 hadi alipostaafu mwaka 2018 alifundisha chuoni, programu zake zikasomwa na kila aliyetaka, na kila aliyemwonyesha kosa aliandikwa jina ukurasa wa kwanza, ndiyo maana wafamasia walimwita Mama Kurasa.

Januari 2023 alianza kuugua figo, akalazwa mara tatu, na hata wodini alimuuliza muuguzi kompyuta ya wodi inafungukaje. Alifariki tarehe 2 Novemba 2023, saa kumi jioni, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake wa mwisho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia, walimu wenzake, na wewe mfamasia uliyesema badala ya kunyamaza. Pumzika mama, umefanya ya kwako. Asubuhi iliyofuata simu ile tunaisoma mwisho, kama ulivyoagiza.

Tarehe 7 Machi 2003 aliamka mapema, akazipigia simu hospitali zote nne zilizobaki, akawaomba waizime programu ile na kukokotoa dozi kwa mkono mpaka afike, akazifunga kwa kamba kurasa mia mbili na kumi za programu yake, baba akamshikia mlango bila utani wowote, akaenda mpaka dirisha la dawa la hospitali ya kwanza, akaziweka mbele ya mfamasia wa pale, akasema, "Kosa ni langu, liko ukurasa wa arobaini na moja, na ukiona jingine, mwanangu, niambie."