Kofia ya Umeme na Mthavini Wawili: Risala ya Mabibi wa Xihlovo

Mgeni rasmi, Daktari Nyeleti Makhuvele, induna wetu mkuu wa kijiji, wauguzi, nanyi nyote mlioketi kando ya uwanja:

KARIBU
Sisi mabibi wa timu ya mpira ya Xihlovo tunakukaribisha. Mahewu, togwa letu la mahindi, yapo kwenye ndoo. Umekuja na bahasha ya majibu ya utafiti wako, ya nani alipata umeme na nani hakupata, na tangu asubuhi hakuna aliyetulia.

TULIKOTOKA
Tulianza mpira kwa ajili ya sukari na presha, vifundo vya miguu vikatusaliti. Kikiteguka mara moja kinapata mazoea: unakanyaga kokoto, uko chini. Ndipo ukawachukua kumi na wawili wetu kwa utafiti. Wiki sita tulivaa kofia yenye sponji za maji ya chumvi, umeme mdogo ukipita kichwani, huku tumesimama kwa mguu mmoja juu ya ubao unaoyumba. Ulituambia wazi kwamba nusu yetu umeme ungezimwa mapema bila wenyewe kujua.

Tuliuliza, mguu ndio mgonjwa, kichwa kina kosa gani? Ukasema kichwa ndicho kinachouelekeza mguu, na kuteguka kwingi hukivuruga. Kokwana, yaani Bibi, Mkhacani akaomba kichwa cha mumewe kiwekewe umeme mkubwa, maana kimesahau njia ya nyumbani.

TULICHOPATA
Zamani tulihesabu hadi nne tukashika ukuta. Sasa tisa kati yetu wanamaliza wimbo mzima wa kanisani kwa mguu mmoja. Kokwana Mthavini Shirinda ameitupa fimbo. Kila aliyewashwa kichwa anasema alipata umeme. Asiyewashwa naye anasema alipata, tena ule mzuri.

LINALOTUSUMBUA
Tuna Mthavini wawili, Shirinda na Baloyi. Kwetu, wenye jina moja ni mtu mmoja. Wiki ya tatu Baloyi alikwenda msibani. Muuguzi wa mchana, mgeni, akaita “Mthavini.” Shirinda, aliyekwishafanya zamu yake asubuhi, akaitika, akavaa kofia ya namba saba, ya mwenzake. Mara nne. Alisema hakutaka kiti cha mwenzake kikae kitupu kama cha mtu asiye na ndugu.

Juzi tu tulisomewa kwamba kila namba ni kichwa kimoja. Umeahidi kuwa waliokosa umeme watapewa sasa, na wengine wetu walitaka tunyamaze, Shirinda asije akafutwa. Yeye mwenyewe akaniambia, “Andika, dada. Daktari akikosea hesabu kwa ajili yangu, kuna bibi mahali fulani ataanguka kwa ajili yangu.”

TUNACHOOMBA
Muuguzi asigombezwe, aliita jina sahihi. Namba za Mthavini wote wawili uzitazame upya kabla hujafungua bahasha. Wakikosa nafasi ya kupewa umeme, basi tuachie ule ubao; kusimama tutasimama. Ila hata ukiwatoa kwenye hesabu, utuambie kofia zao zilikuwa na nini.

Nami niliyepewa kalamu siwezi kumaliza bila kutega. Kitendawili: nimesimama, simjui aliyenishika. Ni umeme, ni ubao, au ni zile mara nne za kofia ya mwenzake? Tumeshindwa sote, hata mimi niliyetega. Mji tunakupa, Daktari, chukua Xihlovo yote. Vifundo vyetu vimeteguka vya kutosha. Sasa tutegulie hiki.

Mungu akuongoze ukanyage pasipo kokoto, uendapo na urudipo.

Ni sisi, Mabibi wa Xihlovo, pamoja na Mthavini wote wawili.