Klabu Isiyomswalisha Mtu

Kijiwe cha Mwanaesha kiko kwenye kona ya kuingia sokoni Voi, ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, ukitazamana na steji ya bodaboda za kupanda Sagalla. Mwanaesha ameuza kahawa tungu na kaimati hapo tangu alipofiwa na mume, na wateja wake anawajua kwa kikohozi. Ijumaa hiyo, jua likianza kulegea, walikuwepo wawili wa kila siku: Morris, karani mstaafu aliyebandikwa jina Hansadi kwa kukumbuka kila neno lililowahi kusemwa na mwanasiasa, na Kiema, dereva wa zamani wa malori, anayeitwa Breki kwa sababu akianza kusema hana. Fawaz alikuja akaketi pembeni, hakuagiza kitu. Kazi yake ni kutengeneza simu, lakini kwa miaka sita Jumamosi zake zilikuwa mali ya klabu ya vijana Waarabu wa mji huo. Leo alikuwa ametoka kuihamisha, na hakuwa na pa kuihamishia.

— Mbona uko hivyo, kama umekanyagwa na ndovu? Breki akamuuliza.

— Tumetoa viti. Mwenye chumba amekitaka chumba chake.

— Si mlikuwa mnaelewana?

— Wazazi wamemwendea. Eti wavulana na wasichana wanakaa pamoja, wanaigiza michezo, hakuna darsa, hakuna sheikh. Wanauliza, sasa hiyo ni klabu ya nini?

Mwanaesha alimmiminia kikombe, akamwekea mkononi.

— Kunywa, mwanangu. Umekauka.

— Lakini si ungeweka tu sheikh mmoja, mambo yaishe? Hansadi akasema. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hapo mgeni ni nani? Breki akauliza.

— Sheikh.

Fawaz akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

— Madrasa ipo, Hansadi, na ni nzuri. Mimi nimesoma pale, na sasa hivi nimetoka kuswali. Lakini klabu haimswalishi mtu. Mtoto akija haulizwi kaswali wapi. Shuleni anaambiwa Mwarabu rudi kwenu. Akienda Mombasa kwa shangazi zake, anachekwa, wa bara huyo, hata Kiswahili chake cha milimani. Babu yangu amezaliwa hapa hapa Voi! Sasa kwetu ni wapi? Klabu ilikuwa ya kuyasema hayo tu, halafu tucheze mpira twende zetu.

— Enda ofisi ya vijana, bana, Breki akasema.

— Nimeenda ofisi moja. Wamesema hicho ni kikundi cha dini, niende msikitini. Msikitini wamesema hicho ni kikundi cha dunia, niende ofisini.

Hansadi akakohoa, akakaa sawa. Mwanaesha alijua kikohozi hicho. Akajifunika mtandio vizuri kama mtu anayengoja mvua.

— Hiyo ni siasa. Vijana wakikaa pamoja wanakuwa kura. Kuna mtu anakitaka kiti cha wadi, ameshaona hao watoto watampinga.

— Wana miaka kumi na tatu, Hansadi, Fawaz akasema.

— Ndiyo! Anapanga mapema. Haba na haba hujaza kibaba.

— Wacha uongo, Breki akadakia. Siasa gani? Chumba kiko wapi? Karibu na reli. Wanataka kuweka lojing'i ya watu wa treni. Mwenye chumba ameonyeshwa ramani.

— Wewe umeiona? Hansadi akauliza.

— Nimeambiwa na mtu aliyeiona. Na hata hiyo lojing'i ni danganya toto. Chini ya ile sakafu kuna mawe ya thamani. Yale ya kijani, yanayochimbwa huko Kasigau. Wataita wageni walale juu, huku chini watu wanachimba. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

— Guu la nani sasa? Mwanaesha akauliza.

— La yeyote atakayetumbukia.

Zamani Fawaz angebishana nao mpaka kahawa ipoe. Leo aliwaacha. Alikuwa anamfikiria Aliya, binti aliyekuja klabuni bila kuinua macho, na mwaka jana akaigiza chifu mla rushwa mpaka wazazi wale wale wakapiga makofi. Asubuhi Aliya alibeba viti pamoja naye, kimoja kimoja, bila kuuliza lolote. Kilipokwisha cha mwisho, alifuta mikono kwenye sketi, akasema, "Haya basi, mwalimu," akaenda zake. Afadhali angelia.

Bodaboda ilisimama upande wa pili. Mama mmoja akashuka, viatu vimejaa vumbi jekundu, akavuka barabara moja kwa moja hadi kijiweni.

— Hamjambo. Naitwa Wakesho, nimetoka Sagalla. Nimeambiwa hapa naweza kumpata mwalimu wa klabu ya Waarabu.

Wote wakamtazama Fawaz. Ikabidi aitikie.

— Ni mimi, mama. Karibu.

— Nina binti, Abby. Baba yake alikuwa mtu wa kwenu, Mungu amrehemu. Mimi ni wa kanisa, na mtoto naenda naye kanisani. Huko juu wanamwita Mwarabu. Huku chini kwa baba yake wanamwita Mtaita. Siku hizi hataki kutoka nje hata kuteka maji. Nimesikia kwenu hamuulizi mtu anasali wapi.

— Ni kweli. Hatuulizi.

— Basi nimlete kesho. Mnaanza saa ngapi?

— Saa tatu, Fawaz akasema. Lilimtoka lenyewe, kwa mazoea ya miaka sita.

— Asante, mwalimu. Wapi?

Mwanaesha akatikisa birika; lilikuwa tupu. Wakesho aliendelea kungoja, akimtazama mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyeuliza jambo dogo tu.

Fawaz akasimama, magoti yakimuuma kwa kubeba viti.

— Twende tukaulizie chumba, mama, akasema.

Hakusema wakamuulize nani. Wakashika njia ya sokoni, yeye mbele, mama nyuma.