Eustache Munyaneza na Nyuso za Barafuni

Padri, ndugu, majirani wa Rebero, nanyi mliosafiri kutoka Bukavu, ambao kwa ajili yenu nasoma kwa Kiswahili, mimi Clovis, mdogo wake marehemu, nimepewa kazi hii nzito na familia, nivumilieni.

Kaka yetu Eustache Munyaneza alizaliwa Rwamagana tarehe 3 Mei 1938, akasoma shule ya misheni hapo hapo hadi mwaka 1952, akajifunza useremala, akaja Kigali mwaka 1964 na kufungua karakana ya fremu za picha, na tarehe 17 Agosti 1968 akafunga ndoa na shemeji yangu Générose, Mungu akawajalia mtoto mmoja, Alida, baada ya miaka saba ya kungoja na kusemwa.

Oktoba 1990, vita vilipoanza, wageni wengi wa mtaa wa Kimihurura waliondoka kwa haraka, mmoja akamwachia picha ya kale ya Ulaya, iliyochapwa kwa wino na kupakwa rangi kwa mkono, watu wamevaa viatu vya chuma wanateleza juu ya ziwa lililoganda, na tangu hapo kaka akazisaka picha za namna hiyo kama mtu aliyepotelewa na mbuzi, wengi mlimcheka, mtu wa Rebero na barafu wapi na wapi, naye alicheka nanyi.

Wapakaji wa zamani walipaka makoti tu, nyuso za watu wa mbali wakaziacha nyeupe, kwa hiyo kila tulipozika mtu wetu na kurudi nyumbani kunawa mikono kama ilivyo desturi, Eustache alichukua brashi na kumpa mmoja wao sura ya marehemu, mama akapata koti jekundu, mjomba akapata kofia, nasi tulifarijika kweli kweli, na hakuwahi kugusa uso kabla ya kunawa mikono.

Desemba 1993 ini lilianza kumsumbua, akalazwa, akaruhusiwa, na Januari akaomba picha kubwa kuliko zote, ziwa lenye umati, akaanza kupaka bila mazishi yoyote, kwanza sura yake mwenyewe, tukasema ni homa, lakini jamani, akaendelea na jirani wa kushoto, wa kulia, wanakwaya, na mimi, wote tukiwa hai, na alipoulizwa alijibu kwamba anawahi tu. Alifariki tarehe 9 Machi 1994 alfajiri, vidole vikiwa na rangi.

Tunawashukuru madaktari, mafundi wenzake, nanyi majirani mliokesha nasi. Najua mnanong'ona, na kweli, nimeitazama picha, mumo, nami nimo, na sitawaficha kwamba naogopa. Mkija nyumbani kunawa mikono, tafadhalini msifunue kile kitenge tulichoifunikia picha ukutani.

Katika umati wote ule, uso mmoja tu ndio mweupe bado, wa msichana mwenye kitambaa cha buluu shingoni, kama alichovaa Alida leo, na ndiyo maana, Eustache, brashi zako zote tumezilaza humo jenezani pamoja nawe. Pumzika kwa amani, kaka, na tafadhali usimalize.