Mume Wangu Alizikwa Kwenye Kompyuta

Bwana asifiwe sana! Ndugu zangu, wengi hupanda hapa madhabahuni wakilia. Mimi nimepanda na hasira, na sitaificha.

Mnanijua, mimi ni Mama Njoki wa Kiganjo, nasuka vyondo, hivi vikapu vya mkonge. Kiwanda cha nguo kilipomwachisha Baba Njoki kazi, vyondo ndivyo vilivyotulisha. Yeye akabaki nyumbani akijiona bure, hata chai alikuwa haombi. Ndipo akaja bwana mmoja mwenye ofisi Ruiru. Akasema kuna soko kwenye intaneti, neno ambalo sikuwa nimelisikia, mzungu anaona kiondo akiwa kwake na kukiagiza. Nikashangilia! Akanipiga picha, lakini kwanza akasema, "Mama, toa hiyo pete, inarudisha mwanga." Nikaitoa. Jameni, niliitoa kwa mkono wangu mwenyewe!

Oda zikaja. Nilisokota nyuzi za mkonge mpaka paja likachubuka. Nikamshukuru Mungu, na yule bwana pia.

Siku moja Baba Njoki akarudi kutoka posta na kadi ya mama wa ng'ambo aliyenunua kiondo changu. Kiingereza anakisoma vizuri. Kadi ilikuwa ya kunipa pole kwa kufiwa na mume. Akaisoma mara mbili, akaiweka mezani, akaniuliza, "Mama Njoki, kwani nilikufa lini?"

Ndugu zangu! Kiwanda kilimtupa, na sasa akaona hata mke amemzika. Chakula hakugusa.

Kesho yake nikaenda Ruiru. Yule bwana akanifungulia kompyuta bila aibu, akanisomea. Picha yangu, kidole kitupu, na chini yake: mjane, anasuka ili watoto wasife njaa. Nikamwambia futa. Akacheka! "Mama, wazungu hawanunui kiondo, wananunua huruma. Ukiwa na bwana, nani atakuagizia?" Ati huruma! Kiondo changu kinabeba viazi miaka kumi bila kulegea!

Na hapo shetani akanishika. Nikafikiria karo ya Njoki, nikataka kunyamaza. Nisiwadanganye, nilitaka! Nikaomba palepale, na halikuwa ombi la adabu: Bwana, nitoe kwa huu uongo, hata tukilala njaa. Woga ukaniacha. Nikaketi sakafuni mwa ofisi yake, nikaanza kusokota nyuzi, na kila mteja aliyeingia nikamwambia mume wangu yuko hai. Yule mjane wa Biblia alimsumbua kadhi. Mimi mwenye mume nilisumbua zaidi! Saa tisa akafuta, nami nikatazama mpaka picha ikapotea.

Oda zilikwisha. Sasa nauza sokoni Thika, pole pole. Na hasira bado ninayo, kwa sababu huyo bwana anaendelea kupiga akina mama wengine picha. Dada yangu, ukiambiwa utoe kitu kidogo tu kama pete ndipo upate riziki, kataa! Mungu aliyenilisha mimi bila uongo atakulisha na wewe. Mwamini leo, usingoje kadi ije.

Asante Yesu, pete hii hapa, iko kidoleni. Na wewe marehemu wangu, Baba Njoki, uliyejificha pale karibu na mlango, simama wakuone.