Mama Hodi Anakabidhi Funguo

Ijumaa hii, tarehe thelathini ya mwezi wa sita, mkuu wetu wa kitengo cha makazi anastaafu baada ya kuutumikia mji huu kwa miaka thelathini na mmoja. Aliingia akiwa karani wa masjala, na jozi moja ya viatu vya kazi na sauti ya mtu anayeomba radhi. Viatu vimebadilika. Sauti ni ileile, ila wakubwa wamejifunza kuiogopa.

Kwa wageni wanaosoma jarida hili: huku ofisini hatumwiti kwa cheo. Tunamwita Mama Hodi, na jina amelitolea jasho. Hupiga hodi hata kwenye mlango ulio wazi. Hupiga hodi kwa mhasibu, ambaye hana mlango, ana kabati tu lililogeuzwa mgongo. Wakati fulani alipiga hodi kwenye kioo cha gari la mkurugenzi, na mkurugenzi, aliyekuwa amesinzia ndani, akaitika "karibu" kabla hajajua yuko wapi.

Tulicheka sana, lakini mazoea hayo aliyatoa barabarani. Zamani kazi ya kitengo ilikuwa kuwaondoa watu waliolala kwenye vibaraza vya maduka na kuwapeleka kwenye bweni la mji la wasio na makazi. Askari wa mji walitangulia na virungu, sisi tukafuata na lori. Yeye alikuwa akisimama pembeni mwa maboksi ya mtu na kubisha hodi, kama aliyefika sebuleni kwa watu. Bibi mmoja aliyeishi mbele ya duka la vitambaa alimwitikia siku moja: "Karibu, ila vua viatu." Akavua, akaketi juu ya boksi, wakazungumza. Lori lilisubiri.

Bweni lenyewe lilikuwa na masharti mengi kuliko mganga. Aliyetaka kulala alipaswa awe hajaonja pombe, aonyeshe kwamba anatafuta kazi, na atoke alfajiri na furushi lake. Atakayevumilia hayo mwaka mzima aliahidiwa chumba, na ni wachache waliowahi kukiona. Wengi walirudi vibarazani, nasi tukawa tunawazoa watu walewale, mwaka nenda mwaka rudi, kama mtu anayedeki sakafu bila kufunga bomba.

Mmoja wa watu hao alikuwa kaka yake Mama Hodi wa tumbo moja. Hakuwahi kutuficha. Kaka huyo alikuwa fundi bomba hodari. Mkewe alifariki, pombe ikamshika, nyumba ya kupanga ikamtoka. Kila alipopelekwa bwenini alitoroka. Dada yake alipomwuliza kinachomkimbiza ni nini, kunguni au sakafu, akamwambia ni tochi. Walinzi waliingia nayo usiku wakati wowote walipotaka, wakamfunua shuka, wakamhesabu na kupita. "Mimi si mzigo wa stoo," alimwambia, "nifunuliwe turubai nihesabiwe."

Maneno hayo yalimkaa rohoni, na ndiyo yaliyozaa mpango tunaoufuata hadi leo. Chumba kwanza: mtu apewe chumba chenye kufuli na ufunguo wake, kisha ndipo azungumziwe pombe, kazi na matibabu. Tena, ofisa yeyote akifika apige hodi. Asipoitikiwa mara tatu aondoke, kama sote tulivyofunzwa nyumbani kwetu. Kikaoni, diwani mmoja aliuliza kwa ukali ni mji gani huo unaowapa walevi funguo. Mama Hodi alijibu kwa upole kwamba walevi wengi wa mji huu tayari wana funguo, na baadhi yao wana mageti. Ukumbi ulivunjika mbavu, na mpango ukapita kwa tofauti ya kura chache.

Ukweli usemwe, haikuwa dawa ya kila kitu. Kuna vyumba vilivyovunjwa vitasa na masinki, na kuna waliohama bila kuaga. Lakini wengi waliopewa vyumba wamo hadi sasa. Bibi wa duka la vitambaa yumo, na viatu bado tunavua. Fundi bomba naye alipata chake, mwisho wa korido ya chini. Alikunywa kwa muda, akapunguza, akaanza kuwatengenezea majirani mabomba yao. Kila Jumamosi dada yake alikuja, akabisha hodi, akasubiri. Kaka alipokuwa amenuna hakuitika, na dada alirudi zake akicheka.

Mwaka juzi, Jumamosi moja, alibisha hodi mara tatu. Ndani redio ilikuwa ikisikika. Walikuwa wamekosana wiki ile kwa jambo dogo, basi akajua amenuniwa. Alitundika kwenye kitasa mfuko wenye shati jipya, akaondoka. Jumatatu jirani aliuona mfuko bado unaning'inia. Daktari alisema hawezi kujua kama siku ile ya Jumamosi fundi alikuwa angali hai. Mama Hodi alimwuliza tena, akajibiwa vilevile. Tuliokuwa naye tulimrudisha nyumbani.

Madiwani hawakukawia. Walisema hodi imeua mtu. Kanuni ifutwe, walinzi wapewe funguo za ziada, vyumba vikaguliwe wakati wowote. Kila mmoja alitegemea mfiwa awe wa kwanza kuunga mkono. Alisimama, akawaambia kwamba kaka yake alifunuliwa shuka miaka mingi na hakuna aliyemwokoa kwa kumfunua. "Kaka yangu amekufa akiwa na mlango," alisema. "Wenzake msiwang'olee yao." Kisha akaomba kanuni iongezwe jambo moja: kila mpangaji amchague mwenyewe mtu wake wa ufunguo, ambaye ataruhusiwa kufungua mlango hodi isipoitikiwa. Walikubali.

Wapangaji wamechagua majirani, wamechagua kinyozi, wamechagua mashemeji waliokuwa hawasemezani nao. Wengine walimchagua yeye. Wiki hii yote amekuwa akizunguka kuwarudishia funguo zao na kuwabembeleza wachague wengine, na kuna waliolia. Mafaili ya ofisi aliyakabidhi kwa siku moja tu.

Sasa tuseme la moyoni, ingawa si la sherehe. Mumewe alitangulia zamani, binti yao ameolewa mbali, naye anaishi peke yake. Tangu msiba ule, siku za mapumziko hapokei simu. Likizo iliyopita aliugua homa karibu wiki nzima, tukaja kujua aliporudi kazini amekonda. Ameufundisha mji mzima kuchagua mtu wa ufunguo, na hakuna hata mmoja mwenye ufunguo wa nyumba yake. Mhasibu alijikaza akamwuliza kwa nini. Akajibu kwamba aliyeondoka mlangoni kwa kaka yake hana uso wa kuomba afunguliwe.

Mama, sisi tulikuwepo daktari alipokujibu. Uliondoka kwa heshima uliyompa, na hakuna anayekudai. Tunakushukuru kwa miaka yako yote, kwa kila uliyemtoa kwenye baridi, na kwa kutufundisha kusubiri mlangoni. Tunakutakia afya, usingizi usio na mawazo na maisha mema mbele yako. Lakini Ijumaa, kabla hujavuka geti, tuachie ufunguo. Mchague yeyote kati yetu.