Ami Khemais na Bundi Aliyeingia Mkahawani

Jumamosi hii, tarehe 30 Juni, Ami Khemais Bouzgarrou anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya kuwalisha, kuwafunga bandeji na kuwapiga picha ndege wawindaji wanaotibiwa kituoni kwetu, hapa El Haouaria.

Alizaliwa katika nyumba ya wafuga vipanga, akajua kumbeba ndege mkononi kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Aliajiriwa kama mlishaji. Kamera alikabidhiwa baadaye, kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Tangu hapo kila ndege aliyeingia amepigwa picha, na kila tai mkorofi amepewa jina la mmoja wa shemeji zake. Mashemeji wanajua, na leo wamekuja. Yeye mwenyewe hatuna picha yake hata moja, maana akielekezewa kamera hukumbuka ghafla kwamba mwewe hawajala.

Lakini mjini, Ami Khemais akitajwa, watu humtaja na Filfila.

Filfila ni bundi mdogo, kimo chake hakizidi birika la chai. Aliletwa bawa likiwa limevunjwa kwa jiwe, likaunga kombo, na hataruka tena. Bundi kwetu ni nuksi. Akilia juu ya paa, watu huanza kuulizana nani anaumwa. Habari zilipoenea kwamba tunaye, walimu wakaacha kuleta wanafunzi. Mkurugenzi wetu, Daktari Sonia Gharsalli, akaamua kwa shingo upande: watu wasipobadilika kufikia sikukuu ya vipanga ya kila mwaka hapa mjini, Filfila atapelekwa bustani ya wanyama kule Tunis. Ami Khemais aliumia sana. Akasema picha moja nzuri itatosha kuwabadilisha.

Picha nzuri ikakataa kupatikana. Bundi wa aina hii akitazamwa huinama na kuinuka, huinama na kuinuka, hatulii. Kila picha ilitoka na ukungu. Daktari Sonia akauliza kama huyo ni bundi au kiazi.

Ndipo Ami akafanya kosa ambalo ni mfuga vipanga tu angelifanya. Kipanga aliyenaswa msimu wa kuwinda kware hubebwa hadi mkahawani ili azoee watu. Ndivyo alivyofunzwa na baba yake. Basi akavaa glavu, akamweka Filfila juu yake, kamera shingoni, akaingia mkahawani kwa Haji Ferjani wakati karata zimenoga.

Viti vikarudi nyuma.

“Khemais, msiba umetuletea na miguu yake miwili?” Haji Ferjani akauliza, kajibanza nyuma ya kaunta yake.

“Msiba gani, Haji? Amekuja kukusalimia.”

“Mwambie salamu zimefika. Haya, mtoe.”

Filfila akamkodolea Haji macho ya manjano, akainama. Akainuka, akainama tena. Mzee mmoja mezani, kwa mazoea tu, akaitikia, “Waalaikumu salamu.” Mkahawa mzima ukaangua kicheko. Haji Ferjani alijikaza, akashindwa, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha naye akamwinamia bundi. Filfila hakuwa amewahi kuinamiwa na mtu. Akatulia tuli, anashangaa, na Ami Khemais akabonyeza.

Picha ile ya Haji na bundi wakitazamana ilitundikwa siku ya sikukuu. Watu walikuja kumcheka Haji, wakaishia kuuliza mwenzake yuko wapi. Walimu wakarudi, Filfila akabaki. Siku hizi bundi walioumia tunaletewa ndani ya makasha ya viatu, tena na watu wale wale waliokuwa wakiokota mawe.

Tangu tarehe ya kustaafu itangazwe, Ami amekuwa akikawia sana kwenye kizimba cha Filfila. Tulijua kinachomsumbua, nasi kilitusumbua vilevile. Juzi Haji Ferjani, asiyependa kabisa vilima, alipanda mwenyewe hadi kituoni.

“Daktari,” akasema akihema, “Khemais akija kwangu peke yake, kahawa hapati. Kila Ijumaa baada ya swala nawataka wote wawili.”

Daktari Sonia amekubali. Ufunguo wa kizimba haurudishwi ofisini. Unabaki mfukoni mwa Ami.

Asante, Ami Khemais, kwa kila bawa uliloliunga na kila mtu uliyemgeuza moyo. Mungu akujalie afya, umri na kahawa ya moto. Leo wafanyakazi wote tunakuinamia. Nawe tulia kidogo, tukupige picha.